Stesheni za njia ya Voi–Taveta: nani ameshika ufunguo?

Kwa wasimamizi wa mali ya reli, serikali ya Kaunti ya Taita-Taveta, wasimamizi wa makumbusho na urithi wa taifa, na wasimamizi wa Hifadhi ya Tsavo Magharibi.

Waheshimiwa,

KUH: MABATI, MITARO NA MLINZI KABLA YA JUMBA LA WAGENI

Tumewaandikia nyote barua moja kwa sababu stesheni moja ya njia hii inawagusa nyote wanne. Ardhi na chuma ni vya reli. Ndovu wanaokatiza tuta ni wa hifadhi. Kilichotokea pale mwaka 1915 ni cha makumbusho, na mgeni anayeshuka kwenye matatu kutoka Voi akiuliza njia ni wa kaunti. Kitu cha watu wanne kina hatari moja: kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyefunga mlango.

Tangu treni ziache kupita njia hii, watu wameendelea kufika. Wapo wanaofuata makaburi ya Vita Kuu ya Kwanza, wapo wapenda reli, wapo wanafunzi, na siku hizi wapo wanaokuja kupiga picha tu. Kufika kumekuwa rahisi: reli ya kisasa ina stesheni Voi, na barabara ya kupitia Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta ina lami. Kilichobaki kigumu ni kukuta kitu cha kutazama. Hatuombi jumba la wageni, wala sanamu, wala mkutano wa wadau. Tunaomba kazi za bei ndogo zifanywe kwa mpangilio wake, na zifanywe kabla ya mradi wowote mkubwa.

Kwanza tuelewane hapa ni wapi. Njia ya Voi–Taveta haikujengwa kwa ajili ya soko wala shamba. Wajerumani waliitwaa Taveta Agosti 1914, na Waingereza wakahitaji kufikisha askari, mizinga na maji mpakani katika nchi kavu. Vikosi vya reli vya jeshi la India vikaanza kutandika reli mapema 1915, na kufikia katikati ya mwaka huo vilikuwa Maktau. Hapo reli ikasimama kwa miezi, huku doria za Kijerumani zikiitegea baruti usiku. Maji ya kambi yalivutwa kwa bomba kutoka vilima vya Bura. Januari 1916 kichwa cha reli, yaani mwisho wa njia iliyokwisha kutandikwa, kikasogea hadi Mbuyuni. Februari 12 askari wa Afrika Kusini wakashindwa pale kilima cha Salaita. Machi Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza, na reli ikaendelea hadi Kahe, ikaungana na ile ya Kijerumani ya kutoka Tanga kwenda Moshi.

Ndiyo maana stesheni zake ziko mahali pasipo na mji. Maktau ilikuwa Maktau kwa sababu jeshi lilikwama hapo. Mgeni asiyeambiwa hilo ataona jengo dogo porini na kudhani mtu alikosea ramani.

Makaburi ya askari wa India pale Maktau yanatunzwa, nyasi zimekatwa na majina yanasomeka. Stesheni iliyowaleta haina hata kofia ya bati la uhakika. Na wapagazi, wale wa Carrier Corps ambao jina lao tumeligeuza Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, tukaliacha sokoni, hawana jiwe lenye jina kwenye njia waliyoibebea mizigo. Tuta na mataruma, zile pao za kukingama zinazobeba reli, ndiyo kumbukumbu yao. Hayo yakiuzwa kwa kilo, hawabaki na kitu.

Sasa tuje kwenye chuma, maana chuma ndicho kinachoondoka haraka.

Stesheni ndogo ya reli ya upana wa mita moja ni kitu kimoja chenye viungo vingi. Kuna njia kuu na njia ya kupishana. Kuna pointi mbili, yaani mahali treni inapohamia njia nyingine, moja kila upande, na wenzo wake wa kugeuzia. Kuna jukwaa, chumba cha stesheni masta chenye dirisha la tiketi, ghala la mizigo kwenye njia ya pembeni, tangi la maji lililoinuliwa pale injini iliposimama, landhi za wafanyakazi nyuma, na ubao wa jina ambao kwenye stesheni nyingi za Kenya huandikwa pia mwinuko kwa futi. Mtu akisimama jukwaani anapaswa kuweza kuona kwa macho yake kwa nini kila kimoja kimewekwa pale. Ondoa pointi moja, na ile njia ya pili inakuwa vyuma viwili visivyoelekea popote. Bango liandikweje ili lieleze treni zilivyopishana? Kwa hiyo wazo la kuhamishia "vitu vya maana" mjini ili viwe salama, ambalo huletwa mara kwa mara na watu wenye nia njema kabisa, sisi hatuliungi mkono ila kwa vitu vya kubebeka mkononi: kengele, saa, vitabu vya kumbukumbu, mashine ya tokeni (ya kutolea kibali cha treni kuingia njiani). Hivyo vipelekwe makumbusho vikiwa na hati ya kuonyesha vilitoka chumba gani. Kilichofungwa kwa boliti kibaki.

Wizi wa reli una utaratibu, na anayeujua anaweza kuukamata mapema. Hauanzi na reli. Reli nyepesi ya ratili 50 kwa yadi, aina iliyotumika sana katika njia za kwanza za Afrika Mashariki, ina takriban kilo 25 kwa kila mita. Kipande cha futi 30 ni kilo 227. Hicho hakibebwi na kijana mmoja kwenye bodaboda. Wizi huanza na boliti na fishpleti, zile bamba mbili zinazounganisha kipande na kipande, kwa sababu zinafunguka kwa spana na kuingia kwenye gunia. Baadaye hufuata mataruma ya chuma, ambayo yalichaguliwa badala ya mbao kwa sababu ya mchwa, na sasa yanatamaniwa kuwa nguzo za ua. Mwisho kabisa hufika mtungi wa gesi na lori. Kwa vipande vya futi 30, kilomita moja ya njia ina viungo karibu 220, fishpleti 440 na boliti 880. Mlinzi akihesabu boliti za viungo kumi vilevile kila Jumatatu, atajua wizi umeanza wiki mbili au tatu kabla ya lori kufika.

Afundishwe pia kusoma kutu. Kutu ya zamani ni ya kahawia iliyokoza, laini, imeshikana na chuma kama ngozi. Boliti iliyotolewa juzi huacha shimo lenye mdomo wa rangi ya chungwa, na unga wake hubaki kidoleni. Reli iliyokatwa kwa gesi ina ukingo wenye matone yaliyoganda upande wa chini na ukanda wa buluu-kijivu. Mvua moja au mbili tu, ukanda huo unafifia.

Hatua inayofuata ni kupiga chapa. Rangi haitoshi, inachunwa kwa dakika moja. Itumike mihuri ya chuma na nyundo, herufi za milimita 8 hadi 10, kwenye ubavu wa reli karibu na kila kiungo, na kwenye bamba la kila wenzo wa pointi. Watu wawili wanaweza kupiga chapa stesheni nzima, kutoka pointi hadi pointi, kwa siku tatu au nne. Orodha ya chapa hizo ipelekwe polisi na kwa wafanyabiashara wote wa vyuma chakavu wenye leseni, ambao chini ya sheria ya 2015 wanatakiwa kuweka kumbukumbu za wanachonunua. Bila chapa, polisi akikamata lori hana la kusema mahakamani. Chuma ni chuma.

Kabla ya chapa, mwandike kilichopo. Reli nyingi zina maandishi yaliyoinuka ubavuni: jina la kiwanda, mwaka na uzito. Tafadhali msiruhusu yeyote kuyasugua kwa brashi ya waya wala mashine ya msasa, maana herufi zinakwenda na kutu. Brashi laini ya kupakia rangi inatosha, kisha chaki kavu ipitishwe juu, na picha ipigwe asubuhi mapema au alasiri mwanga ukija kwa ubavuni. Kila ukuta upigwe picha moja ya mbele, rula ya mita moja ikiwa imeegemezwa, na kila chumba pembe zake nne. Nakala tatu, sehemu tatu: makumbusho, kaunti, na shule ya karibu. Hii ya shule tunaisisitiza, kwani karatasi za ofisini huhama na wakubwa.

Tukija kwenye majengo, adui ni mmoja: maji. Paa likitoboka, mbao za kenchi hulowa, mchwa hupanda, bati hulegea, upepo wa Agosti hulichukua, na baada ya hapo kuta hazimalizi misimu mingi. Huwa linaanzia kwenye msumari. Msumari wa zamani uliopoteza kofia yake hupitisha maji tone kwa tone kwenye mbao iliyo chini yake, na mbao ikioza msumari hauna pa kushika. Kwa hiyo kugongelea msumari mpya kwenye shimo lilelile ni kazi bure. Shimo lizibwe, msumari upigwe kando, kwenye mbao nzima.

Tuchukue jengo la mfano la mita 12 kwa 5, lenye paa la migongo miwili na kibaraza kidogo. Kila upande wa paa ni kama mita 13 kwa 3.6. Bati la mita 2 likifunika sentimita 80 kwa upana, inahitajika mistari miwili ya bati 17 kila upande, jumla 68, nunueni 72. Mpandano wa ubavuni uwe mawimbi mawili, si moja, na wa juu na chini usipungue sentimita 15, kwa sababu mvua ya huku huja na upepo wa kulala. Geji 28 au nene zaidi. Tunajua geji 32 ni rahisi, lakini hiyo ni ya kuezekea banda la kuku. Na tafadhali, mabati ya zamani yaliyo mazima yapangwe upande unaoonekana kutoka jukwaani, mapya yawekwe nyuma. Haigharimu zaidi hata senti.

Kuta ndiko uharibifu mwingi unakofanywa na watu waliokuja kutengeneza. Majengo mengi ya reli ya enzi hiyo yamejengwa kwa mawe au matofali na udongo wa chokaa. Ukuta wa chokaa unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia viungo vyake. Fundi anapoukandika kwa saruji, unyevu unakosa njia, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu miwili au mitatu plasta inatoka kama ganda, ikiwa imeshika uso wa jiwe. Ufa huo kisha huitwa "uzee wa jengo". Jengo lilikuwa na miaka mia hapo kabla ya saruji na halikuwa na ufa.

Kupima ni rahisi. Kwaruzeni kiungo kwa ncha ya ufunguo: kikitoka unga mweupe au wa rangi ya mchanga, ni chokaa, ufunguo ukiteleza na kuacha alama ya kijivu, mtu amepita hapo na saruji. Kutengeneza viungo: chokoeni kina cha sentimita 2 hadi 3, kwa patasi na nyundo ndogo wala si grainda, lowesheni, kisha jazeni kwa chokaa moja kwa mchanga mkali tatu. Chokaa iwe imelowekwa angalau wiki mbili, na ikikaa miezi ni bora zaidi. Waashi wa Pwani wanalijua hili kuliko mtu yeyote, na kutoka Voi hadi Mombasa si safari. Kosa la bara ni jua. Chokaa ikikauka kwa siku moja inakuwa unga, kwa hiyo ukuta ufunikwe magunia yaliyolowa kwa siku saba, asubuhi na jioni yakinyunyiziwa maji. Mkandarasi asiyeweka bajeti ya magunia na mapipa ya maji hajui kazi hii, na hiyo ni njia nzuri ya kusoma zabuni.

Kuta msizipake rangi. Wala tusiongeze neno.

Tuta nalo lisisahauliwe. Kalvati ikiziba kwa majani na mchanga, tuta linageuka bwawa, na mvua kubwa ya kwanza inalikata. Reli inabaki inaning'inia hewani kama kamba ya nguo. Kuzibua kalvati moja ni kazi ya vibarua wawili, koleo mbili na siku moja, na ifanywe Septemba kabla ya vuli, kisha Februari kabla ya masika.

Kuhusu wageni. Tunapinga kufunga, na tunapinga pia kuacha wazi. Ngazi ya tangi la maji ifungwe kwa bati hadi mita mbili na nusu kutoka chini, kwa sababu ngazi hizo huoza kwenye boliti za chini ambako maji hutuama, na kwa juu zinaonekana nzima kabisa. Visima na mashimo ya ukaguzi yafunikwe kwa wavu wa nondo, si ubao. Landhi zenye popo zisiingiwe bila barakoa, kwani vumbi la kinyesi kikavu lina madhara kwa mapafu, na zisifagiliwe zikiwa kavu. Nyuki wakiwa ukutani aitwe mrina asali. Moto na dawa vimeunguza zaidi ya mzinga mmoja na paa lake. Vifutu, nyoka wenye sumu kali, hupenda chini ya mataruma na ukingo wa jukwaa, kwa hiyo viatu vya kufunika kifundo ni lazima na mikono isiingizwe pasipoonekana. Upande wa magharibi wa Maktau reli inaingia ndani ya Tsavo, na huko kutembea juu ya tuta bila askari wa wanyama kupigwe marufuku, si kwa bango tu. Tuta ni njia tambarare. Nyati analijua hilo.

Jambo moja la maeneo haya peke yake: hapa palikuwa uwanja wa vita. Maganda ya risasi yanaonekana baada ya mvua. Mgeni aambiwe kabla hajashuka garini kwamba haokoti, na kwamba chochote cha duara au cha mcheduara chenye uzito kinaachwa, kinawekewa alama ya kitambaa kutoka mbali, na polisi wanapigiwa simu. Vipima metali visiruhusiwe kabisa.

Haya yote yanahitaji msingi wa kisheria, na hapa wengi wanakosea. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 hailindi kila jengo la kale papo hapo. Stesheni ya 1915 haimo. Inaingia pale Waziri anapoitangaza kwenye Gazeti la Serikali chini ya kifungu cha 25. Mpaka siku hiyo, mtu mwenye barua halali ya kuuza vyuma chakavu anaweza kuimaliza stesheni nzima bila kuvunja sheria ya urithi. Tunaomba tangazo hilo litaje mipaka kutoka pointi ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na tangi na landhi. Likitaja "jengo la stesheni" pekee, tutabaki na chumba cha tiketi. Na likija siku moja la kufufua njia, tangazo halitaizuia treni. Treni ikirudi tutakuwa wa kwanza jukwaani.

Anayesema haliwezekani aende Amani, upande wa Tanga. Wajerumani walijenga reli ndogo ya upana wa sentimita 75 kutoka Tengeni hadi Sigi, kilomita 23. Reli haipo tena. Nyumba ya stesheni masta ilitengenezwa, ikawa kituo cha wageni cha hifadhi ya msitu, na mtu anayekwenda kutazama vipepeo anaanzia stesheni. Jengo lenye kazi lina mtu wa kufagia, na mwenye kufagia ndiye wa kwanza kuona bati limelegea. Anayesema halina haraka naye aende Nachingwea, atafute reli ya mradi wa karanga. Ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa.

Tunapendekeza kuanza na stesheni moja, Maktau, kwa kuwa makaburi yako karibu na mgeni tayari anafika. Wiki ya kwanza, picha na orodha. Ya pili, chapa. Kabla ya mwezi kuisha, kalvati, mashimo na ngazi. Mabati yawe juu kabla ya vuli. Kuta zisubiri mwaka mzima ikibidi; ukuta mkavu unavumilia. Mlinzi atoke kijiji cha karibu, alipwe mshahara wa kila mwezi, asipewe ahadi ya "asilimia ya viingilio".

Lakini hata hayo hayaanzi bila jibu la swali moja, nalo tunaomba lijibiwe kwa maandishi na libandikwe kwenye mlango wa kila stesheni kutoka Voi hadi Taveta: ofisi ipi imeshika ufunguo, na simu yake inapokelewa saa ngapi?

Wenu,
Waashi, waongoza wageni na wastaafu wa reli wa Taita na Taveta